Istilahi za Katamarani: Uhakiki wa Tafsiri Moja Iliyofanyiwa Arusha

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha mafunzo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza na kupigwa chapa mjini Arusha, kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza watalii. Kijitabu hicho chaeleza namna ya kuendesha katamarani ndogo, yaani chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa: jinsi ya kukitoa ufuoni, kukipitisha katika mawimbi, na kukirudisha pwani salama. Sitamtaja mtafsiri wala chuo kilichompa kazi, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Makosa nitakayoyaonyesha ni ya namna ambayo wengi wetu tulioshika kalamu ya tafsiri tumepata kuyafanya. Tofauti ni kwamba mara nyingi kosa letu hubaki katika karatasi, bali kosa la kijitabu hiki lilimvunja mtu mfupa.

Huenda msomaji akauliza: Arusha na bahari ni wapi na wapi? Mji umekaa chini ya Mlima Meru, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na kutoka hapo hadi Pangani kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Maji yaliyo karibu ni Ziwa Duluti pale Tengeru, pamoja na maziwa ya Momella yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Na hayo yote hayana wimbi la kumtisha hata mtoto. Lakini hiyo ndiyo hasa sababu ya makala haya. Arusha ni mji wa wafasiri. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na hapo ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Ofisi za utalii nazo hazihesabiki. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiswahili cha leo huchaguliwa mjini humo, na huchaguliwa na watu wenye elimu na kamusi, lakini pengine wasiopata kukiona kitu chenyewe kinachotajwa.

Tukio lililosababisha uhakiki huu

Mwezi wa Januari 2018 niliombwa kufuatana na wanafunzi kumi na wawili wa chuo hicho hadi pwani ya Pangani, ili niwe msaidizi wa lugha. Wanafunzi wote walikuwa wenyeji wa sehemu za Meru na Arusha. Walikuwa wamekwisha kujifunza kupiga kafi katika Ziwa Duluti, na walikuwa wamekisoma kijitabu chao darasani. Mwalimu wa tanga alikuwa mgeni kutoka Ulaya; Kiswahili chake kilikuwa kichache, na maneno yote ya chombo alikuwa ameyahifadhi kutoka katika kijitabu kile kile.

Ilikuwa wakati wa kaskazi, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea pwani. Katamarani ilikwisha kupita mawimbi mawili ya kwanza ikiwa na wanafunzi wawili na mwalimu wao. Wimbi la tatu lilipoanza kuinuka, upepo ukalijaza tanga kupita kiasi, na mwalimu akataka kamba ya tanga ifunguliwe kidogo. Akapiga kelele neno alilofundishwa: “Shuka! Shuka!” Mwanafunzi aliyeshika kamba akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa. Akashuka. Tena akashukia upande wa ufukoni, mahali ambapo mtu hapaswi kamwe kusimama. Wimbi likakiinua chombo na kumtupia. Alivunjika mtulinga, na tunamshukuru Mungu kwamba haikuwa shingo.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitazama akiwa ameketi juu ya ngalawa yake, aliniambia, “Mwalimu, mbona mnawaambia watoto washuke, na chombo ndiyo kwanza kinapanda?” Nilipomweleza kwamba kilichokusudiwa ni kamba, alitikisa kichwa na kusema, “Ile ni demani.” Basi neno lilikuwapo, na lilikuwa limekaa hatua ishirini kutoka mahali kijana alipoumia.

Shuka na demani

Kosa hili lafaa kuelezwa kwa ukamilifu, maana linaonyesha jinsi makosa ya istilahi yanavyozaliwa. Katika Kiingereza, kamba inayolizuia na kulilegeza tanga huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa shuka la kitandani. Mtafsiri alitazama kamusi ndogo, akakuta maana ya kitandani imetangulia, akaridhika. Hakujiuliza shuka la kitandani linatafuta nini ndani ya chombo. Hivyo katika kijitabu tunakuta maagizo ya kukaza shuka, kulegeza shuka, na kutolifunga shuka wakati wa mawimbi.

Sasa tutazame neno hili linavyomfikia kijana wa Arusha. Kwanza, kwake yeye shuka ni vazi. Ni lile shuka jekundu wanalojitanda Wamasai na Waarusha, na ambalo huuzwa katika kila soko la mji ule. Pili, shuka ni kitendo: ni neno analolisikia kila siku garini na kondakta. Neno lenye maana mbili tayari limeongezewa ya tatu, na ya tatu hiyo imewekwa mahali ambapo hakuna nafasi ya kutafakari. Katika kitabu cha sheria msomaji anaweza kurudi nyuma na kusoma tena. Katika wimbi hakuna kurudi nyuma. Istilahi ya chombo ni amri inayopigiwa kelele katika upepo, na sifa yake ya kwanza ni kwamba isifanane na amri nyingine yoyote.

Mabaharia wa pwani wanalo neno demani. Kamba ya tanga ni demani. Hukazwa, hulegezwa, hushikwa mkononi. Ni kweli kwamba neno hilo pia ni jina la majira ya mwaka. Hata hivyo maana hizo mbili haziwezi kugongana, kwa sababu hakuna mtu atakayeamriwa kukaza majira.

Kushua na kuzindua

Sura ya kwanza ya kijitabu imepewa kichwa kinachohusu “kuzindua” katamarani. Neno hili sasa limeenea mno. Miradi inazinduliwa, vitabu vinazinduliwa, kampeni zinazinduliwa. Sina ugomvi na matumizi hayo. Kuzindua ni kumtoa mtu katika usingizi au bumbuazi, na si vibaya kwamba tumelipanua neno hilo likawa la sherehe za kufungulia jambo jipya. Meli mpya ikikatiwa utepe na kiongozi, haya, na izinduliwe.

Lakini chombo kinachotolewa mchangani kila asubuhi na kusukumwa majini hakizinduliwi. Kinashuliwa. Kushua chombo ni kukiteremsha majini, na neno hilo limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani. Tofauti ya maneno haya mawili si ya urembo. Chombo huzinduliwa mara moja katika maisha yake, bali hushuliwa kila siku. Kuzindua kunahitaji mgeni rasmi. Kushua kunahitaji mabega. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba alipoisoma sura ile aliiruka, akidhani yahusu sherehe ya ufunguzi. Sura aliyoiruka ndiyo iliyokuwa na maagizo ya mahali pa kusimama wakati wimbi linapokuja.

Tena msomaji atazame jambo moja la kusikitisha. Kushua, kushuka na kushusha ni maneno ya ukoo mmoja. Mtafsiri alilitia mojawapo mahali pasipostahili, na alipofika mahali ambapo ndugu yake alistahili, akamwacha nje.

Kinyume cha kushua pia kimeharibiwa. Kijitabu chatumia “kuegesha ufukweni”. Kuegesha ni kwa gari. Chombo kinachofikishwa mchangani kwa makusudi hupwelezwa. Kikikwama chenyewe maji yakipwa, kimepwelewa. Na kikipandishwa nchi kavu ili kitengenezwe, hujahabiwa. Haya ni mambo matatu mbalimbali, na Kiswahili kinayatenga waziwazi.

Jina la chombo

Kuhusu jina lenyewe, kijitabu kimetumia “ngalawa pacha”. Naliona jina hili ni zuri masikioni lakini lapotosha. Ngalawa ni mtumbwi mmoja uliotiwa marengu huku na huku ili usipinduke. Katamarani haina mtumbwi wa katikati. Ina mitumbwi miwili iliyo sawa, na katikati pametandikwa turubai ambalo juu yake mabaharia huketi. Yule mzee wa Pangani alipoulizwa jina la chombo kile alisema kwamba ni ngalawa iliyoibiwa mtumbwi ikabakiwa na marengu. Alisema kwa mzaha, lakini maelezo yake yanashinda ya kijitabu kwa usahihi. Ngalawa pacha zingekuwa ngalawa mbili, zenye marengu manne.

Wengine watapendekeza tutunge neno jipya kabisa. Mimi napendekeza tulikubali neno katamarani. Asili yake ni Kitamili, kutoka katika maneno mawili yenye maana ya kufunga na mti. Hapo kwanza lilikuwa jina la magogo yaliyofungwa pamoja, kile ambacho sisi tungekiita chelezo. Waingereza walilichukua neno hilo huko Bahari ya Hindi, wakaja kulitumia kwa chombo cha mitumbwi miwili. Kwa hiyo tunapolichukua hatuombi neno la Kiingereza. Tunapokea neno la bahari yetu wenyewe lililozunguka njia ndefu. Sauti zake ni za Kiswahili, na linaingia katika ngeli ya mashua, jahazi na ngalawa bila taabu yoyote.

Kitu chenyewe si kigeni. Boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja, zile zinazoitwa Kilimanjaro, ni katamarani, na maelfu ya wananchi wamezipanda bila kujua jina hilo. Katamarani ndogo za ufuoni zilianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa kwa kazi ya Hobie Alter huko California. Mojawapo iliyo mashuhuri ina urefu wa mita tano hivi na uzito wa kilo 145 hivi, kiasi kwamba watu wanne huibeba bila shida. Wepesi huo ndio unaoiwezesha kushuliwa popote pasipo na bandari, na wepesi huo ndio unaoifanya ipinduliwe na wimbi.

Pande za upepo

Kijitabu chasema mara nyingi kwamba baharia akae “upande wa upepo”. Upande upi huo? Ule upepo unakotoka, au ule upepo unakokwenda? Niliwauliza wanafunzi kumi na wawili. Saba walisema wa kwanza, watano wa pili. Kwa baharia wa katamarani jawabu hili ni uhai wake: akikaa unakotoka upepo, uzito wake hukizuia chombo kisipinduke, akikaa upande wa pili, hukisaidia kupinduka.

Lugha ya mabaharia haina utata huu. Pembe ya tanga inayoshikwa mbele ni goshi, na upande wa goshini ni ule upepo unakotoka. Upande wa pili, ambako demani hufungwa, ni upande wa demani. Msomaji ataona jinsi majina haya yalivyopangwa kwa akili: upande unaitwa kwa jina la sehemu ya tanga iliyo upande huo, kwa hiyo anayetazama tanga hawezi kukosea. Kadhalika, chombo kinachokwenda karibu sana na mahali upepo unapotoka kinakwenda joshi, na kinachokwenda hivyo kwa kugeuka huku na huku kinabisha. Kijitabu chatumia maneno tisa kueleza jambo la kwanza na kumi na manne kueleza la pili, tena kwa kutofautiana kila ukurasa.

Mawimbi

Hapa ndipo penye sehemu iliyo ngumu zaidi, na hapa sina budi kumhurumia mtafsiri. Kiingereza kina neno moja la mawimbi yanayovunjikia ufuoni. Mtafsiri amelifanya “povu la bahari”, kisha akaandika kwamba chombo kilipite povu upesi. Mwanafunzi aliyelelewa Tengeru anafikiri povu ni kama la sabuni.

Twaweza kuuliza: mbona pwani yetu, yenye mabaharia wa karne nyingi, haikutupa neno moja lililo wazi? Nadhani sababu iko katika umbile la pwani yenyewe. Sehemu kubwa ya ufuko wa Afrika Mashariki imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa huvunjikia mwambani, mbali na ufuko, na ndani ya mwamba maji ni tulivu. Baharia wetu alihitaji zaidi maneno ya kujaa na kupwa kwa maji, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Kwa hiyo tuna bamvua, tuna maji mafu, tuna mlango wa mwamba, tuna mkondo, tuna kilindi. Lakini mahali ambapo mto mkubwa humwaga maji baridi na matope, matumbawe hayastawi, mwamba hukatika, na mawimbi hufika hadi mchangani. Ndivyo ilivyo Malindi karibu na mdomo wa Sabaki, na ndivyo ilivyo Pangani, ambako pia mto huacha fungu la mchanga mdomoni.

Kwa hiyo maneno yapo, ila hayakukusanywa chini ya jina moja. Kwa kazi ya kushua chombo hatuhitaji jina moja. Twahitaji majina matatu, kwa sababu wimbi lina hali tatu na kila hali ina dawa yake. Kwanza, wimbi huumuka: linainuka mgongo lakini halijapasuka. Mwanamke yeyote apikaye mandazi anajua maana ya kuumuka, na neno hilo hilo hutumika kwa wimbi. Pili, wimbi huvunjika: kichwa chake hupinda na kuanguka. Tatu, hubaki povu, yaani maji meupe yanayokimbilia pwani baada ya wimbi kwisha kuvunjika. Jina la jumla, panapolazimu, na liwe mawimbi ya ufuoni.

Ili nisionekane kwamba nalaumu tu, naomba kuieleza kazi yote kwa maneno niliyoyataja.

Chombo husimamishwa ufuoni, omo ikiukabili upepo, tanga likiwa limetwekwa na demani imelegezwa. Usukani umeinuliwa. Mabaharia husimama ubavuni, karibu na omo. Hakuna anayesimama kati ya chombo na ufuko. Hutazama mawimbi kwanza, kwa maana mawimbi huja kwa mafungu: makubwa machache hufuatana, kisha maji hupoa kwa muda. Maji yakipoa, chombo hushuliwa hadi maji yawafike kiunoni. Wakati wote huo omo isiache kulikabili wimbi, kwa sababu wimbi likiukuta ubavu hukipindua chombo. Wakisha kupanda, mmoja huteremsha usukani kwa kadiri ya kina, na mwingine hukaza demani ili chombo kipate mwendo; chombo kisicho na mwendo hakiutii usukani. Kwa kuwa chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, huenda joshi, na kila wimbi linapokaribia omo huelekezwa kwalo kwa kitambo, kisha hurudishwa. Wimbi linaloumuka hupandwa. Wimbi linalovunjika hukabiliwa kwa omo, nao mabaharia husogea mbele ili uzito wao uizuie omo isitupwe nyuma. Povu hupasuliwa kwa mwendo. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: wimbi huinua tezi na kutaka kuizamisha omo, kwa hiyo mabaharia husogea nyuma, demani hulegezwa, na usukani huachwa uweze kuinuka utakapogusa mchanga. Ndipo chombo hupwelezwa.

Maelezo haya hayafiki maneno mia mbili na hamsini. Katika kijitabu yamechukua kurasa sita.

Kosa la upande wa pili

Baada ya ajali ile chuo kilimpa kazi mtafsiri mwingine, mtu anayependa maneno ya kale, naye akasahihisha kwa kupita kiasi. Ule mti ulio chini ya tanga, ambao huzunguka kwa nguvu chombo kinapogeuka na waweza kumpasua mtu kichwa, ameuita foromali. Kwa kulitazama neno tu, mtu atasema kwamba amefanya vema. Lakini foromali ni mti wa juu, ule unaobeba tanga la jahazi au la ngalawa. Tanga la katamarani halina foromali. Limefungwa kwenye mlingoti wenyewe, na mti wake uko chini. Mvuvi akiambiwa ajihadhari na foromali atatazama juu, na pigo litamjia kutoka ubavuni.

Hapa tunajifunza kwamba kulifufua neno la kale bila kukitazama kitu ni uvivu ule ule wa kutafsiri bila kukitazama kitu. Mti huo hauna jina katika vyombo vyetu kwa sababu vyombo vyetu haukuwamo. Kwa sasa natosheka na kuuita mti wa chini wa tanga, mpaka watumiaji wenyewe watakapoufupisha.

Vilevile, usukani na uendelee kuitwa usukani, lakini kijitabu cha Arusha lazima kieleze kwamba si gurudumu. Vijana wawili walikuwa wakiutafuta usukani wa duara kama wa gari la watalii. Mpini wa kuugeuzia ni kana.

Pingamizi

Najua kwamba yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba maneno kama demani na joshi ni mageni kwa kijana wa Meru kama yalivyo ya Kiingereza. Ni kweli. Lakini kijana huyo hana neno lolote la kitu asichopata kukiona. Lazima ajifunze moja. Swali ni ajifunze lipi. Akijifunza neno lililotungwa ofisini, atazungumza na kijitabu chake tu. Akijifunza neno la Pangani, atazungumza na watu walio ufuoni, nao ndio watakaomwokoa chombo kikipinduka. Siku ile waliomtoa kijana majini walikuwa wavuvi watatu, si waandishi wa kijitabu.

La pili ni kwamba maneno haya mengi si ya Kibantu. Hoja hii haina uzito. Nahodha ni neno lenye asili ya Kiajemi, na bandari vilevile. Hakuna anayetaka kuyafukuza. Lugha ya bahari imekuwa ya kupokezana tangu vyombo vilipoanza kupokezana pepo.

La tatu lina nguvu zaidi: mabaharia hawasemi namna moja. Kitu kinachoitwa marengu mahali pamoja huitwa ndubi au matengo mahali pengine. Nakubali, na hilo ndilo jambo linalohitaji kazi ya Baraza. Orodha nyingi za istilahi zilizotolewa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lianzishwe kwa sheria ya mwaka 1967 zilihusu utawala, sheria, elimu na sayansi, na zilihitajika. Lakini usanifishaji una maana ya kuchagua katika yaliyopo, na hatuwezi kuchagua kabla ya kukusanya. Wanaoyajua maneno haya ni wazee, na vyombo vya mashine vinawapunguzia wanafunzi kila mwaka.

Mapendekezo

Nayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo, yajadiliwe:

ngalawa pacha: badala yake katamarani, yaani chombo chenye mitumbwi miwili iliyo sawa.
kuzindua: badala yake kushua, kwa maana ya kukiteremsha chombo majini.
kuegesha ufukweni: badala yake kupweleza.
shuka: badala yake demani, yaani kamba ya kukazia na kulegezea tanga.
upande wa upepo: badala yake upande wa goshini, upepo unakotoka, na upande wa demani, upepo unakokwenda.
povu la bahari: badala yake mawimbi ya ufuoni kwa jumla, na mahali pa maagizo, wimbi linaloumuka, wimbi linalovunjika, na povu.
foromali: libaki kwa mti wa juu peke yake, wa katamarani ni mti wa chini wa tanga.

Tamati

Mto Themi unaopita katikati ya mji wa Arusha huingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo maji huwa Mto Pangani, yakashuka hadi baharini. Kwa hiyo maji yaliyomtupa kijana yule siku ile, baadhi yake yalitoka nyumbani kwao. Maji hayana hiari, hushuka tu. Mtafsiri anayo hiari, na njia ya basi kutoka Arusha hadi Pangani ni ya siku moja. Rai yangu ni kwamba hakuna istilahi ya chombo, ya zana au ya kazi yoyote ya mikono inayopaswa kupigwa chapa kabla mtafsiri hajaitamka mbele ya mtu anayeifanya kazi hiyo, akasikia kama anaeleweka.

Kijana amepona, ingawa mkono wake wa kushoto hauinuki sawasawa. Nilipomtembelea Tengeru nilimwuliza kama bado angependa kujifunza tanga. Akajibu kwamba angependa, mradi aambiwe kwanza maneno yote kwa Kiswahili cha wavuvi. Naomba wasomaji wa pwani, hasa wa Tanga, Mafia, Kilwa na Unguja, watuletee katika jarida hili majina wanayoyatumia wao kwa vitu nilivyovitaja, ili orodha hii isahihishwe kabla haijatumika tena.